Fulana Hairutubishi Shamba

Mama yangu anayo fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni "Mkulima Endelevu". Aligawiwa Novemba 2021, chini ya mkuyu wa mikutano katika kijiji chetu wilayani Ikungi, mkoani Singida, pamoja na kofia, kalenda ya ukutani na pakiti ya mbegu chotara za alizeti. Leo fulana hiyo ni tambara la kuipulia sufuria. Haikuchakaa kwa kuvaliwa. Siku moja ya Julai 2023 mama alirudi kutoka kuuza magunia yake, akaivua, akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima, akaiweka jikoni. Hajaivaa tena.

Kampuni iliyoileta sitaitaja. Nikiitaja, wasomaji watadhani tatizo ni kampuni moja yenye tabia mbaya, na nyingine zote zitapumua. Tatizo ninalotaka kulisema ni la mtindo mzima.

Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo Morogoro. Kwa sababu ya masomo yangu nimesoma taarifa nyingi za kampuni za chakula na vinywaji zinazoeleza zinavyosaidia kilimo endelevu kwa wakulima wanaoziuzia malighafi. Karibu kila taarifa ina picha ya mwanamke anayefanana na mama. Amesimama katikati ya alizeti zilizochanua, au mtama uliokomaa, na anacheka. Chini ya picha kuna idadi: wakulima kadhaa wamefunzwa, ekari kadhaa zimefikiwa. Bei aliyolipwa mwanamke yule haimo. Wala haielezwi kampuni imeahidi kununua kwake kwa miaka mingapi.

Hoja yangu ni hii. Kampuni isiyokuwa tayari kuandika bei na muda kwenye mkataba haijasaidia kilimo endelevu. Imemwongezea mkulima kazi, ikamwachia na gharama zake.

Nianze na haki ya kampuni. Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na aliyeyatoa alikuwa kijana mwenye kuijua kazi yake. Aliwafundisha kupanda kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari na 30 kati ya shimo na shimo. Aliwafundisha kuchimba makinga maji kukata mteremko, kutia samadi, kuacha mabua yaoze shambani badala ya kuyachoma, kubadilisha alizeti na choroko au kunde, na kutopulizia dawa mchana maua yakiwa wazi ili nyuki wasife. Kwa mkoa kama wetu hayo si mapambo. Singida ni nchi kame. Mvua inakuja mara moja kwa mwaka, kati ya Novemba na Aprili, na ikija huja kwa hasira, inachukua tabaka la juu la udongo na kulipeleka korongoni. Kila mtu kijijini anaweza kukuonyesha korongo ambalo babu yake aliliruka kwa hatua moja na leo linahitaji daraja.

Wala si kampuni zilizotuletea habari hizi. Jirani zetu wa Kondoa wanaukumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa na Serikali mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika maeneo yaliyomomonyoka ili ardhi ipone. Wazee wa kule watakuambia mambo mawili kuhusu HADO: kwamba majani yalirudi, na kwamba mwenye ng'ombe ndiye aliyelipa. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na la pili ndilo ambalo watoa mafunzo huwa hawalitaji.

Sasa niseme mama alilipa nini.

Tuna ekari sita. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo shamba ni la mama. Msimu wa 2021/22 alijaribu mbinu moja moja. Bei ilikuwa nzuri mwaka ule, akapata moyo, na msimu wa 2022/23 akaamua kufanya kila alichofundishwa. Ekari mbili akazitoa kwenye alizeti akapanda choroko. Makinga maji hayachimbwi na mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na tatu. Aliweka vibarua, na fedha ya vibarua alikopa kwenye kikoba. Samadi ilihitaji mkokoteni, na mkokoteni si wetu. Akauza mbuzi wawili.

Mabua ndiyo yaliyoleta ugomvi. Kwetu, mavuno yakishatoka, mashamba hufunguliwa mifugo. Ni desturi ya siku nyingi na ina maana yake: ng'ombe wanakula mabaki, wanaacha samadi, na mwenye ng'ombe anakuja kukulimia kwa plau mvua ikianza. Anayetulimia sisi ni baba mdogo. Alikuja asubuhi moja baada ya mavuno ya 2022, akasimama ukingoni mwa shamba.

"Shemeji, nasikia huku mwaka huu hakuna malisho."

"Nimeambiwa mabua yaoze, shemeji. Ndiyo mbolea."

"Aliyekuambia ndiye atakayewalisha ng'ombe wanaokulimia?"

Mama hakuwa na jibu, nami nisingekuwa nalo. Mvua zilipofika, ng'ombe wa baba mdogo walilima shamba letu mwisho. Hakusema ni adhabu. Alisema ng'ombe wamekonda. Kwetu, anayepanda wiki mbili nyuma ya wenzake anapanda kwa dua, maana mvua ikikatika Februari alizeti zake zinakuwa bado hazijajaza punje.

Kwa hiyo shamba endelevu la mama lilikuwa na ekari mbili pungufu za zao la fedha, deni la kikoba, mbuzi wawili pungufu, na uhusiano uliopoa na mtu mwenye plau. Hata hivyo yeye mwenyewe aliniambia udongo ulibadilika. Ulishika maji. Jembe la palizi lilizama. Alikuwa na furaha ya mtu anayeona jambo likifaulu.

Julai 2023 lori la kampuni lilikuja kununua. Mkataba ulikuwa karatasi mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza wajibu wa mkulima, vipengele kumi na kimoja, kuanzia mbegu za kutumia mpaka unyevu wa punje. Ukurasa wa pili ulikuwa na sahihi na sentensi moja kuhusu bei: kampuni itanunua kwa bei ya soko ya siku ya mauzo. Bei ya soko ya siku ile ilikuwa karibu nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Wakala, kijana wa rika langu, alimsalimia mama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo bei ya mkulima endelevu?"

"Bei ni moja, mama. Ya endelevu na ya asiyekuwa endelevu."

Hakusema kwa ubaya, na alichosema kilikuwa kweli tupu. Jirani yetu aliyechoma mabua yake, akajaza alizeti shamba zima na kulimiwa wiki mbili mapema, alipanda mizani ileile na kulipwa shilingi zilezile kwa kilo. Tena alikuwa na magunia mengi zaidi. Mama alilipa kikoba. Ada ya mdogo wangu, aliyekuwa ameanza chuo cha ufundi, haikupatikana. Leo anaendesha bodaboda ya mtu Mbagala, anapeleka hesabu kila jioni.

Ni nani aliyeishusha bei ile? Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu wenzangu wengi hupenda kumtafuta mchawi mmoja. Februari 2022 vita vilianza Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese kutoka nje ya nchi, ikaondoa zuio hilo mwezi uliofuata. Bei za mafuta ya kula zilipaa dunia nzima, na baada ya katikati ya mwaka zikaporomoka. Mkulima wa Ikungi aliuza mwaka 2022 akiona neema, akapanda zaidi, akavuna 2023 wakati neema imeshakwisha. Tena hapa nchini bei ya alizeti inategemea sana ushuru wa mafuta yanayoingia bandarini. Ndiyo maana kwenye bajeti ya 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Kila Juni wakulima wetu wanaisikiliza hotuba ya Waziri wa Fedha kama watu wanaosikiliza utabiri wa mvua.

Yote hayo hayakufanywa na kampuni ya fulana. Lakini angalia ni nani aliyekuwa na namna ya kujikinga. Kampuni ina maghala, ina mtaji, ina mkopo wa benki, inaweza kununua alizeti leo na mawese kesho. Mama ana ekari sita na mvua moja kwa mwaka. Katika mnyororo huo wote, mzigo wa vita vya Ukraine uliwekwa kwenye kichwa cha mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba, na mkataba ndio uliouweka pale kwa sentensi moja: bei ya soko ya siku ya mauzo.

Sasa kuna jambo langu mwenyewe, na nisipolisema makala haya yatakuwa ya uongo.

Septemba 2023 nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina kazi. Nikapata kibarua cha wiki tatu cha kukusanya takwimu za wakulima, kwa ajili ya ripoti ya uendelevu ya kampuni hiyohiyo. Tulipewa vishikwambi na orodha ya majina. Tulilipwa kwa fomu. Kijiji changu kilikuwa kwenye orodha, na mama alikuwa namba thelathini na kitu.

Nilikaa naye jikoni, kishikwambi mapajani. Je, mkulima amepokea mafunzo? Ndiyo. Je, anatumia angalau mbinu tatu za kilimo endelevu? Nikahesabu: makinga maji, samadi, mzunguko wa mazao. Ndiyo. Je, ana mkataba na mnunuzi? Ndiyo. Duara dogo lilitokea kwenye kioo, la kijani, na jina la mama likahamia kwenye safu ya waliofuzu. Hapakuwa na swali kuhusu bei. Hapakuwa na swali kuhusu deni. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba msimu unaofuata amekusudia kurudisha alizeti kwenye zile ekari mbili za choroko, na kwamba mabua atawaachia ng'ombe wa shemeji yake. Aliniambia hayo yote nikiwa nabonyeza. Nikabonyeza "Tuma".

Nilipewa fedha yangu, nikampa mama nusu. Mahali fulani, katika jumla ya wakulima waliofikiwa, mama yumo mpaka leo, na aliyemwingiza ni mimi.

Ndiyo maana sasa nikisoma ahadi za kampuni kubwa nasoma kwa jicho la mtu aliyewahi kujaza fomu. Nestlé ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2025 asilimia 20 ya malighafi zake kuu zitatokana na kilimo kinachorejesha rutuba ya udongo, na asilimia 50 ifikapo 2030. Karibu zaidi na sisi ni watu wa bia, ambao hununua mtama katika kanda yetu ya kati. AB InBev, inayoimiliki TBL tangu ilipoinunua SABMiller mwaka 2016, iliahidi kwamba kufikia 2025 wakulima wake wote wa moja kwa moja watakuwa na ujuzi, wameunganishwa na wamewezeshwa kifedha. Diageo, ambayo wakati huo ilikuwa na hisa nyingi katika EABL, kampuni mama ya Serengeti Breweries, iliahidi mwaka 2020 kuwafikia wakulima wadogo 150,000 ifikapo 2030.

Sisemi ahadi hizo ni hewa. Ninasema zinahesabu kilicho rahisi kuhesabika: watu, ekari, asilimia, mafunzo. Hata neno "wamewezeshwa kifedha" halinitoshi, maana kuwezeshwa na kulipwa ni mambo mawili. Mkopo ni uwezeshaji. Mama aliwezeshwa na kikoba.

Anayedhani naogopa kivuli atazame Kenya. Mwaka 2004 EABL ilianzisha bia ya bei nafuu ya Senator, ikapewa nafuu ya ushuru, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya wakulima wakahamasishwa kulima mtama wa kuitengeneza. Mtama ni zao la ukame, kipato kinaingia mahali pakavu, ardhi haichoshwi na mahindi yasiyofaa pale. Kila mtu alisifu. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya ikaiwekea bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaanguka vibaya, kampuni ikapunguza ununuzi, na wakulima wakabaki na mtama uliokosa mnunuzi. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa, bia ikarudi, wakulima wakaitwa tena. Kampuni nayo ilipoteza mauzo ya bia hiyo, sikatai. Lakini ilikuwa na bia nyingine za kuuza. Aliyeng'oa zao lake la zamani ili apande mtama wa Senator alikuwa na mtama tu.

Hilo ni la bei na muda. Kuna la pili, ambalo sijaona taarifa ikiligusa, nalo ni mashudu.

Ukikamua alizeti unapata mafuta, na kinachobaki, ambacho kwa uzito mara nyingi ni zaidi ya mafuta yenyewe, ni mashudu. Mafuta ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, vitu ambavyo mmea huvitoa kwenye hewa na maji. Havikutoka kwenye udongo wa Ikungi. Nitrojeni na fosforasi, ambavyo mizizi ilivichota ardhini, haviingii kwenye chupa ya mafuta. Vinabaki kwenye mashudu. Potasiamu nyingi iko kwenye mabua. Kwa maneno mengine, mkoa wa Singida ungeweza kuuza mafuta miaka mia na udongo wake usipungue sana, kama mabua yangerudi shambani na mashudu yangeliwa na mifugo yetu, na samadi ikarudi palepale.

Kinachotokea ni kinyume. Kwenye mashine ndogo za kukamua, mara nyingi mashudu hubaki kwa mwenye mashine kama sehemu ya malipo yake. Kwenye viwanda vikubwa mkulima huuza punje na habari inaishia hapo. Kisha mashudu hupakiwa kwenye malori, mengine kwenda Kenya, mengine kuvuka bahari mpaka India, kulisha ng'ombe na kuku wa watu wengine. Kila lori la aina hiyo limebeba rutuba ya Singida. Halafu kampuni hiyohiyo inamleta mtaalamu kumfundisha mama yangu kutengeneza mboji.

Kama kuna kiwanda kinachotaka kweli kuitwa rafiki wa udongo, njia ni fupi. Kiuzie ushirika wa wakulima sehemu ya mashudu kwa bei nafuu, kwa kadiri ya punje walizoleta. Ugomvi wa mama na baba mdogo ungekwisha siku hiyo. Ng'ombe wangekuwa na chakula, mabua yangebaki shambani, na plau ingekuja mapema.

Najua majibu ya upande wa pili, na lililo zito kuliko yote ni hili: wakulima hawaaminiki. Kampuni inatoa mbegu na mafunzo, mavuno yakifika dalali anakuja usiku na shilingi hamsini zaidi kwa kilo, na mkulima anauza pembeni. Ni kweli. Nimekulia kati ya watu waliofanya hivyo, na mwaka mmoja mama naye alifanya. Lakini fikiria kwa nini mtu anauza kwa dalali, ambaye tunajua anapima kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, ilhali sheria ya vipimo inakataa ujazo huo. Anauza kwake kwa sababu dalali analipa leo, na kwa sababu mkataba haujamwahidi chochote cha kupoteza. Mkataba uliosema "bei ya soko" umemwambia mkulima aende sokoni, naye ameenda. Mweke kwenye mkataba wa misimu mitatu wenye bei ya chini inayojulikana kabla hajapanda, uone kama shilingi hamsini za usiku zitamtoa.

Jibu la pili ni kwamba bei ya chini haiwezekani, biashara si sadaka. Lakini imewezekana kwingine. Vyama vya ushirika vya kahawa vya Kilimanjaro na Kagera, KNCU na KCU, vimewahi kuuza kahawa kupitia mfumo wa Fairtrade, ambao una bei ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake hata soko likianguka. Ghana na Ivory Coast ziliweka nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ya kakao kuanzia msimu wa 2020/21. Mifumo hiyo ina matundu: si kahawa yote inapata mnunuzi wa Fairtrade, na kwenye kakao kulikuwa na malalamiko kwamba wanunuzi walifidia nyongeza ile kwa kubana malipo mengine. Hata hivyo imeonyesha kwamba bei ya chini inaweza kuandikwa, kusainiwa na kulipwa.

Na jibu la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya upole zaidi, ni kwamba mkulima mwenyewe ndiye anayefaidika na udongo mzuri, kwa hiyo na agharimie. Angefaidika, kama angeweza kusubiri. Udongo uliochoka hauponi kwa msimu mmoja. Samadi na choroko vinataka miaka mitatu, minne, kabla mavuno hayajaanza kulipa gharama. Katika miaka hiyo ya katikati mtu anakula nini na ada inatoka wapi? Hapo ndipo msaada unapohitajika, na hapo ndipo mikataba yote niliyoiona ikawa ya msimu mmoja.

Kwa hiyo ninadai mambo manne, na nimeyaweka wazi ili mtu wa kampuni asiseme hakuelewa. Mkataba usipungue misimu mitatu. Bei ya chini itajwe kabla mbegu haijaingia ardhini, na soko likipanda juu yake mkulima alipwe ya soko. Anayefuata masharti ya uendelevu alipwe zaidi kwa kilo kuliko asiyefuata, kwenye mizani ileile, siku ileile. Na sehemu ya mashudu irudi ilikotoka punje. Kampuni ambayo haiwezi hata moja kati ya hayo iendelee kununua alizeti kama mnunuzi mwingine yeyote, hakuna dhambi katika kununua. Ila iondoe neno "endelevu" kwenye chupa na picha ya mama zetu kwenye ripoti.

Na wewe unayesoma, kama uko kwenye ofisi inayoandaa ripoti hizo, ongeza maswali mawili kwenye kishikwambi. Mwaka huu ulilipwa shilingi ngapi kwa kilo, na jirani yako asiyefuata mafunzo alilipwa ngapi? Una uhakika wa kuuza kwetu mwaka kesho? Mtoto wa mtu anayebonyeza majibu kwa ujira wa fomu atakushukuru.

Nilikuwa nyumbani mwezi uliopita. Zile ekari mbili zimerudi kwenye alizeti. Makinga maji mawili yamebomoka na hayajazibwa. Lakini upande wa chini, karibu na mbuyu, mama ameendelea na kipande cha nusu ekari: samadi, choroko, mabua chini. Nilimuuliza kwa nini, na hakuna anayemlipa.

"Hicho si cha kampuni," alisema. "Hicho ni cha kwangu."

Kisha akaniomba nimpitishie tambara, sufuria ilikuwa inachemka.